Damu ya Mlingoti

Watu wengi wakiambiwa ugonjwa wao umejulikana na dawa ipo, humshukuru Mungu. Mlingoti alikasirika. Alitoka chumba cha daktari na hasira zake, akapanda nazo ngazi za jengo tulilokuwa tunalimalizia, akachukua kikwangulio na kuanza kuukwangua ukuta alioupaka mwenyewe juzi yake, ukuta usio na kasoro hata ya kutafuta kwa tochi. Nilimwacha. Mimi ni fundi plasta, nimefanya naye kazi miaka mingi. Mimi hutangulia, yeye hunifuata na rangi kuficha makosa yangu. Najua mtu akishika kikwangulio kwa namna ile humsemeshi mpaka mkono wake uchoke.

Rangi yote ilipokuwa chini, akasema bila kugeuka, "Vitamini, Plasta."

"Vitamini imefanya nini?"

"Kaka yangu amekufa, na dawa yake ni vitamini."

Ndipo akaanza kunisimulia. Mengine nilikuwa nayajua nusu nusu, mengine sikuwa nayajua kabisa. Yaliyofuata baada ya siku ile niliyaona mwenyewe au alinieleza tukiwa kazini, yeye juu na mimi chini, kama kawaida yetu.

Jina la Mlingoti alipewa na wapaka rangi wenzake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono na vidole virefu kama vya mtu aliyevutwa akiwa bado mbichi. Dari tulizozifikia sisi kwa kupanga mbao juu ya mapipa, yeye alizifikia kwa kusimama juu ya kigoda. Tulimtania: "Huko juu mvua imeanza?" Naye hujibu, "Imeanza, lakini ninyi wafupi itawafikia kesho." Miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Mbali alikuwa haoni lori mpaka limpigie honi. Lakini akisogeza uso ukutani, alikuwa anaona unywele mmoja wa brashi ulionasa kwenye rangi. Pale ukuta unapokutana na dari alipapaka kwa mkono mtupu, na wenye nyumba wakadhani ametumia rula.

Kaka yake alikuwa mrefu kumshinda, na miwani yake ilikuwa minene kuliko yake. Alikuwa fundi cherehani, kwenye kichumba cha mbele katika safu ya maduka, na ili magoti yake yaenee chini ya mashine ilibidi meza ipandishwe juu ya matofali. Urefu, watu walisema, ni wa ukoo. Macho mabovu walisema yametokana na kusoma kwenye mwanga hafifu, ingawa kaka mtu hakuwahi kupenda kusoma hata kibao cha basi. Hakuna aliyeona ugonjwa. Waliona mtu na dada yake waliofanana.

Siku moja shavu la mguu wa kaka mtu likavimba. Likawa jekundu kwa ndani, la moto, limejaa kama mkate uliotoka kwenye tanuri. Akaenda hospitali. Daktari alimtazama akiwa ng'ambo ya meza, hakuinuka.

"Kazi yako?"

"Cherehani."

"Basi ndiyo hiyo. Unakaa mno. Wewe bado kijana, tembea, fanya mazoezi."

Akapewa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua. Kaka mtu alikuwa mtu wa kutii. Kila jioni akawa anazunguka mtaa mzima akichechemea, na majirani wakimwuliza anajiandaa kwa mashindano gani. Wiki iliyofuata, akiwa anaunga mkono wa sare ya shule, alishika kifua, akasema, "Sipati pumzi," akalalia mashine. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka. Ndugu waliambiwa moyo umesimama. Hivyo tu, umesimama, kana kwamba moyo ni saa ya ukutani na betri imekwisha. Kwamba donge la damu lilibanduka mguuni, likapanda na mishipa hadi kwenye mapafu, na kwamba kuna kitu kilichokuwa kikilitengeneza donge lile tangu azaliwe, hilo hakuna aliyelisema, kwa sababu hakuna aliyelitafuta.

Msibani shangazi yao akasimama. Alikuwa dada mkubwa wa baba yao, na baba mwenyewe alishafariki zamani kwa ajali ya barabarani, kwa hiyo neno la shangazi ndilo lililokuwa neno la ukoo. Akasema mbele ya watu, na sauti hakuipunguza:

"Kwetu watu hawafi hivi. Kaka yangu alioa tumbo lenye mkosi."

Mama yao alikuwa amekaa mkekani, miguu ameikunja. Jambo la kuchekesha, kama kuna anayeweza kulicheka, ni kwamba mama na baba walikuwa mabinamu wa mbali. Kwao huoana wenyewe kwa wenyewe, mali isitoke nje. Hiyo "kwetu" ya shangazi na tumbo alilolitukana vilikuwa vya shina moja. Lakini msibani nani anahesabu matawi? Tangu siku ile mama hakualikwa tena kwenye harusi za ukoo, na wala hakuuliza kwa nini. Alizeeka haraka, kama nguo inayofuliwa kila siku.

Mlingoti alimeza yote hayo. Watu walimwambia hasira hasara, naye aliwaambia hasara ameshaipata, kwa hiyo anastahili na hasira yake.

Miaka ikapita. Siku moja, tukiwa kwenye jengo la ofisi, nikamwona ameshuka kwenye kigoda na kukunja suruali. Shavu la mguu wake wa kushoto lilikuwa limejaa na kung'aa. Alilitazama kama mtu anayemtazama mwizi aliyewahi kumwibia.

"Namjua huyu," alisema. Akavua ovaroli, akaenda hospitali ileile.

Walimwambia anasimama mno. Kaka alikuwa anakaa mno, dada anasimama mno. Wakamwandikia vidonge vya maumivu. Mlingoti hakuvichukua. Akarudi kwenye benchi la korido akaketi, miguu yake mirefu ikaziba njia, na kila machela ilipopita ilibidi ainyanyue miguu hiyo.

"Dada, umeshahudumiwa, nenda nyumbani," muuguzi akamwambia.

"Siendi. Kaka yangu alikwenda nyumbani."

"Foleni ni ndefu, dada yangu."

"Hata mimi ni mrefu. Tutaona nani atachoka."

Zamu ilipobadilika, muuguzi wa zamu mpya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kumvuta daktari kijana kutoka chumba cha pili. Wakampima mguu kwa ile mashine wanayopimia wajawazito. Donge lilikuwepo, refu, limelala ndani ya mshipa kama funza ndani ya tunda. Alilazwa, akachomwa sindano za kulainisha damu, akapona kwa wakati ule. Aliwauliza kwa nini damu yake imeganda. Wakamjibu, "Hutokea."

Neno hilo alilichukia kuliko matusi. Kwa muda mrefu likawa neno letu la kazini. Ndoo ikipinduka: "Hutokea!" Mwenye nyumba asipotulipa: "Hutokea!" Tulicheka sote, naye alicheka, lakini alicheka na meno tu.

Kilichomwokoa baadaye ni jicho. Asubuhi moja aliamka, jicho la kulia likawa linaona vitu viwili viwili, cha juu kiko wazi na cha chini kama kiko ndani ya maji. Kwenye kliniki ya macho alimkuta daktari mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya mpiga debe. Alimwangaza jicho hili, akamwangaza na la pili. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Lenzi za macho yako zimeshuka, mdogo wangu. Zote mbili. Zimeachia mahali pake zimeanguka chini. Uliwahi kupigwa kichwani?"

"Hapana."

"Simama nikuone." Mlingoti akasimama. Daktari akamtazama kuanzia chini hadi juu, akatazama vidole. "Uliwahi kuganda damu?"

Mlingoti aliniambia kwamba hapo ndipo nywele zilipomsimama. Mtu wa macho anamwuliza habari za damu.

"Mguuni. Nilikaribia kufa."

"Nani mwingine kwenu yuko hivi? Mrefu, macho hivi?"

"Kaka yangu."

"Yuko wapi?"

"Kaburini."

Daktari hakusema pole mara moja. Alivua miwani yake akaifuta, akaivaa, ndipo akasema pole. Halafu akaeleza kwamba kuna ugonjwa mmoja wa nadra aliousoma zamani chuoni. Hajawahi kumwona mgonjwa wake. Anaukumbuka kwa sababu ulitoka kwenye mtihani, naye akakosa lile swali, na swali ulilokosa halikutoki kichwani mpaka uzeeni. Akamtoa damu. Hapa nchini hapakuwa na pa kuipima, ikapelekwa kwa ndege nchi nyingine. "Damu yangu imesafiri kunishinda," Mlingoti alituambia, "mimi hata uwanja wa ndege nimeupaka rangi nje tu."

Majibu yaliporudi, daktari wa macho alimkalisha pamoja na daktari bingwa wa hospitali kuu, wakamweleza. Ukila nyama, mayai, maharage, mwili huvunjavunja ile protini. Katika kuvunja hutoka taka, na watu wengi wana kimeng'enya mwilini kinachoizoa. Cha kwake kilizaliwa kivivu. Taka inabaki damuni, inaitwa homosisteini, inakwaruza kuta za mishipa kwa ndani miaka nenda miaka rudi, na juu ya ukuta uliokwaruzwa damu huganda. Inaweza kuganda mguuni, mapafuni, kwenye ubongo, kwenye moyo. Ugonjwa wenyewe huitwa homosistinuria. Unavuta mifupa ikawa mirefu, unalegeza nyuzi zinazoshika lenzi ya jicho. Na kuua, unaua kupitia mishipa.

"Kuna dawa?" Mlingoti akauliza.

"Ipo, na kwa karibu nusu ya wagonjwa inafanya kazi vizuri sana. Kile kimeng'enya kivivu kinahitaji kusukumwa. Tutakupa vitamini B6, kwa dozi kubwa, pamoja na nyingine mbili za kuisaidia."

"Vitamini B6."

"Ndiyo."

"Ile inayouzwa pale duka la dawa karibu na stendi. Juu ya kaunta, kando ya peremende."

Bingwa akaanza kumwonya kwamba dozi hii si ya kujipimia, ikizidi inaharibu neva, lazima apimwe mara kwa mara. Mlingoti alikuwa hamsikii tena. Alikuwa anaiona ile kaunta. Kaka yake alikuwa akinunua pale vidonge vya kichwa. Alisimama pale mara ngapi, mkono wake uko karibu na lile kopo la vitamini kama ulivyo karibu na mfuko wake mwenyewe?

Hapo ndipo alipokuja jengoni akaukwangua ule ukuta.

Dawa ilimkubali. Kila alipopimwa, ile taka ilikuwa imeshuka, na bingwa alifurahi kama mtu aliyefunga bao. Mlingoti akawa anapona na kukasirika pamoja. Mimi nilimwambia, "Shukuru, dada, wewe umesalimika." Akanitupia jicho lenye nafuu. "Plasta, ningekuwa nimeumwa ugonjwa usio na dawa, ningeshukuru. Huu una dawa. Nimshukuru nani, duka?"

Kwanza alikwenda kwa mama yake. Alidhani anampelekea zawadi. Alimkuta uani anachambua mchele, akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote. Si mkosi. Ni ugonjwa, una jina, nusu hutoka kwa baba na nusu kwa mama, na mzazi mwenye nusu haumwi wala hajui. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ukabaki ndani ya ungo.

"Kwa hiyo nilimpa mimi."

"Nusu, mama! Nusu! Na baba nusu."

"Lakini nilimpa."

"Hukumpa kwa kutaka! Hata hukujua!"

"Shangazi yako alisema ni tumbo langu," mama akasema polepole. "Nami miaka yote hii nilikuwa namwambia Mungu, ni uongo. Sasa umekuja kuniambia ni kweli nusu."

Mlingoti aliinuka akatoka nje kwa sababu alikuwa anataka kupiga kelele, na mama yake si mtu wa kupigiwa kelele. Aliniambia kwamba kati ya mambo yote, hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikwenda kumtua mzigo, kumbe amemwongezea jiwe.

Kisha akamtafuta daktari wa kaka yake. Alikuwa amestaafu, ana kliniki ndogo kwenye ghorofa ya chini ya nyumba yake, mabenchi mawili na kalenda ya kampuni ya bima. Mlingoti alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Alipoingia akakuta mzee mwenye masikio makubwa anahangaika kufungua kopo la chai ya unga. Hakupunguza mwendo.

"Kaka yangu alikujia na mguu umevimba. Ukamwambia atembee. Akafa."

Mzee akaweka kopo chini. Akauliza jina, mwaka, kazi yake. Alifikiri kweli, hakuigiza.

"Simkumbuki, mwanangu. Nisamehe. Simkumbuki."

Mlingoti anasema angemkuta mzee yule mjeuri, ingekuwa nafuu. Akamweleza ugonjwa. Mzee akatikisa kichwa.

"Huo hata leo ungenijia nao nisingeujua."

"Kutojua si kosa," Mlingoti akasema, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Mimi mwenyewe sikujua. Kosa ni kwamba hukuinuka kwenye kiti! Mguu wa moto, umevimba mmoja, mwingine mzima, hata mpita njia angeugusa. Wewe uliuliza kazi, ukapata jibu, ukamaliza. Alikaa mbele yako mtu mrefu kama mlango, haoni mbele yake, na wewe uliona cherehani!"

Mzee hakujitetea. Alikaa. Alisema, "Kweli, ningeushika." Kisha akarudia, kama anajisemea, "Ningeushika ule mguu." Mlingoti alisubiri ajisikie vizuri. Hakujisikia vizuri. Alitoka akiwa na hasira ileile, ila sasa haina pa kukaa, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

Hasira hiyo ilipata pa kukaa mwezi uleule. Habari zilimfikia kwamba mjukuu wa shangazi, binti wa binamu yake, ana mimba ya kwanza na miguu inamsumbua. Mlingoti alimkumbuka vizuri. Alikuwa msichana mwembamba, mrefu kuliko mama yake na baba yake wote wawili, mwenye miwani tangu darasa la kwanza. Baba yake huyo msichana naye alikuwa wa ukoo uleule. Mlingoti aliacha brashi ndani ya ndoo, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akaniambia, "Funika rangi," akaondoka.

Shangazi alikuwa sebuleni kwenye kochi lake, na binamu, mama wa msichana, alikuwa anapiga pasi pembeni. Mlingoti aliwaamkia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Leo umetukumbuka."

Mlingoti akasema alichojia. Alijitahidi kukisema taratibu. Msichana apimwe, na apimwe haraka, kwa sababu mimba yenyewe huifanya damu iwe rahisi kuganda, na baada ya kujifungua ndiyo hatari zaidi. Shangazi alimwacha amalize, akarekebisha kitambaa cha kichwani.

"Hilo ni lenu," akasema. "La mama yako. Usilivushe kizingiti hiki."

"Shangazi, ni nusu kwa nusu. Nusu ya kaka yangu ilitoka kwa baba. Baba ni ndugu yako, tumbo moja."

"Kaka yangu alikuwa mzima kama chuma!"

"Na mama ni mzima! Mbona yeye ulimhukumu?" Hapo, alisema, kamba ikakatika. "Ulisimama msibani ukamtukana mbele ya maiti ya mwanawe. Miaka yote hii anatembea pembeni ya ukuta kama mwizi kwa ajili ya mdomo wako. Ulisema kwenu watu hawafi hivi. Kwenu ni wapi, shangazi? Kwenu ni hapa! Damu nzito kuliko maji, si ndivyo mnavyosema? Basi yetu ni nzito kweli, inaganda!"

"Toka nyumbani kwangu."

"Natoka. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Na safari hii hakitakuumbua wewe, kitamchukua yeye!"

Pazia la chumbani likasogea. Msichana alikuwa amesimama pale, mkono mmoja kiunoni, mguu mmoja ameunyanyua kidogo usiguse sakafu.

"Mama mdogo," akasema, "mguu unaniuma tangu Jumatatu. Bibi amenikandia maji ya moto."

Kisha shangazi akamgeukia binti yake. "Mwambie mwanao arudi ndani." Binamu alikuwa bado ameshika pasi. Huyu alikuwa mwanamke ambaye hata kuchagua rangi ya viatu vyake alimwuliza mama yake kwanza. Aliiweka pasi kwa kuisimamisha, akachomoa waya ukutani.

"Mama, nyamaza," akasema. "Leo nyamaza." Akaingia chumbani akatoka na viatu vya mwanawe.

Mguu ulikuwa na donge. Lilikuwa bado dogo, wakaliwahi. Damu ikasafirishwa kama ya Mlingoti, ikarudi na jibu lilelile, ila vitamini ile haikumkubali msichana kama ilivyomkubali mwenzake. Ilisaidia kidogo tu. Akabaki na sindano za kulainisha damu mimba nzima, na baadaye chakula cha kupimiwa, nyama karibu hakuna, na unga wa dawa unaoagizwa kutoka nje, ambao ukichelewa Mlingoti hupiga simu wizarani mpaka wanamtambua kwa sauti. "Yule mama wa unga," wanamwita. Amewaambia wamwite wapendavyo, mradi unga ufike.

Msichana alijifungua salama. Mama na mtoto wakatoka wazima. Watoto wa wagonjwa kama wao kwa kawaida hurithi nusu moja tu, isipokuwa mzazi wa pili naye awe nayo. Baba wa mtoto huyu alitoka mbali, si wa ukoo. "Hatimaye mmoja wetu ametumia akili," Mlingoti alisema.

Shangazi alikuja kwa mama yake Mlingoti kama mwezi baadaye. Binti yake alimpa sharti kwamba asipokwenda, asitegemee kumwona kitukuu. Mlingoti alikuwepo, na amenieleza kwa ghadhabu mpya kila mara. Mama alimkaribisha, akamwekea kiti kile kizuri, akamtilia chai. Mlingoti alisimama mlangoni mikono ameikunja, anasubiri. Shangazi alikunywa chai nusu kikombe akiongelea bei ya mafuta ya taa. Mwishowe akasema, akitazama sakafu:

"Wifi, lile neno nililolisema. Nilikosea."

"Nimesikia," mama akasema.

Basi. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Shangazi alipoondoka, Mlingoti akamrukia mama yake: kwa nini amempa chai, kwa nini kiti kizuri, kwa nini hakumwambia yote yaliyomkaa moyoni. Mama akakusanya vikombe.

"Wewe una hasira ya kutosha nyumba nzima," akamwambia. "Mimi niachie nipumzike. Na usinionee huruma. Harusi ya mwezi ujao nimealikwa, nami siendi. Nimekataa mwenyewe."

Mlingoti anasema huo ndio ushindi pekee aliouona katika hadithi hii yote, na haukuwa wake.

Bado tunafanya kazi pamoja. Walimfanyia upasuaji wa macho kwa tahadhari nyingi, na sasa anaona lori kabla ya honi, jambo linalomshangaza kila siku. Dawa zake anakunywa. Hasira yake haijapungua, ila ameipa kazi. Akimwona mtu njiani, mrefu, mwembamba, mwenye miwani minene, anamsimamisha. Hana aibu hata chembe. "Samahani, ndugu yangu, macho yako yameanza lini? Kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana?" Wengine wanamkimbia. Mmoja alimwitia askari. Wawili aliwapeleka mwenyewe kwa yule daktari mfupi, na mmoja wao yuko kwenye dawa mpaka leo.

Wiki iliyopita alimfukuzia muuza mikate wa baiskeli, mtu mrefu ajabu, tukaacha kazi tukamtazama kutoka ghorofani anavyomkimbilia na ovaroli lake lenye madoa. Walizungumza muda mrefu. Alirudi na mkate kwapani.

"Vipi?" tukamwuliza.

"Miwani ni ya jua," akasema akihema. "Baba yake mrefu, babu yake mrefu, wote wapo, wanakula, wanagombana. Mzima kabisa, mjinga yule."

Akaukata mkate vipande, akatugawia, akapanda kigodani.